Kuvu Inapoivamia Mishipa ya Damu ya Ubongo

Watu wengi, wa mijini na wa mashambani, wamepata kusikia habari za homa ya uti wa mgongo, yaani ugonjwa wa kuvimba kwa tando nyembamba zinazoufunika ubongo na uti wa mgongo. Wengi wajua kwamba ugonjwa huo waweza kuletwa na bakteria, nao huja ghafula na huweza kuua kwa muda wa siku chache. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa upo pia ule unaoletwa na kuvu, ambayo ni ya jamii moja na ukungu unaoota juu ya mkate uliolala, au juu ya mahindi yaliyotiwa ghalani kabla ya kukauka vema. Ugonjwa huu wa kuvu mara nyingi huja polepole, na kwa sababu ya upole wake huo watu huudharau mpaka umekwisha kuota mizizi.

Jambo linalopasa kufahamiwa zaidi ni hili. Madhara makubwa ya ugonjwa huu hayatokani na homa. Hutokana na kubanwa kwa ubongo na kuharibika kwa mishipa ya damu inayoulisha. Mishipa hiyo huweza kuziba, mgonjwa akapatwa na kiharusi. Au huweza kudhoofika na kupasuka, damu ikamwagika kichwani. Kwa hiyo daktari anayemtibu mgonjwa wa namna hii ana kazi tatu kwa wakati mmoja: kuiua kuvu, kupunguza msukumo wa maji kichwani, na kuilinda mishipa ya damu. Mgonjwa na jamaa zake wakiielewa sababu ya kila kazi, hawatamzuia daktari kuitenda, wala hawataikatiza katikati.

UBONGO NA MISHIPA YAKE

Uzito wa ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu moja tu katika hamsini za uzito wa mwili wote, lakini ubongo hutumia karibu sehemu moja katika tano za hewa safi ya oksijeni inayochukuliwa na damu. Mahali po pote katika ubongo pakikosa damu, hata kwa dakika chache, hapo huanza kufa, na sehemu ya ubongo iliyokufa haioti tena.

Damu hiyo huletwa na ateri nne. Mbili hupanda kwa upande wa mbele wa shingo, na mbili hupita nyuma, ndani ya matundu ya mifupa ya shingo. Hizi mbili za nyuma zifikapo chini ya ubongo huungana kuwa ateri moja, nayo hulisha shina la ubongo, mahali panapotawala kupumua, kumeza, mwendo wa moyo na kuwa macho. Kutoka katika ateri kubwa huchipuka vijiateri vyembamba sana vinavyoingia ndani kabisa ya ubongo, mfano wa mifereji midogo inayotoka katika mfereji mkubwa kwenda kunywesha bustani.

Ateri hizo zimezungukwa na maji safi yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Kiasi chake ni kama mililita 150, yaani nusu ya chupa ndogo ya soda, nayo hutengenezwa upya na kunyonywa tena mara kadhaa kila siku. Maji hayo hukusanyika zaidi chini ya ubongo, pale pale zinapopita ateri kubwa. Hiyo ndiyo sababu ya kwamba kuvu iliyokwisha kuingia katika maji hayo huzikuta ateri zikiwa karibu nayo.

NAMNA KUVU INAVYODHURU

Kuvu zinazoingia katika ubongo ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni chembe za mviringo, mfano wa hamira. Namna ya pili ni nyuzi ndefu zinazotambaa, kama ukungu uotao katika chakula kilichoharibika.

Kuvu ya nyuzi ndiyo adui mkubwa wa mishipa. Nyuzi zake hutoboa ukuta wa ateri na kuota ndani yake. Ukuta ukivimba, njia ya damu huwa nyembamba. Kisha damu huganda mahali hapo na kuziba njia kabisa. Au ukuta huliwa na kulegea, ukafanya kifuko kinachotuna kila moyo unapopiga, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza mahali ambapo tairi imechakaa. Kifuko hicho kikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na mgonjwa huweza kufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Kuvu ya chembe hudhuru kwa njia nyingine. Uchafu wake hukusanyika chini ya ubongo na kuvizunguka vijiateri vyembamba, navyo huvimba kwa ndani na kuziba kimoja kimoja. Tena, chembe hizo zimevikwa gamba la utelezi kama gundi ya mti, na utelezi huo huziba vijia vya kunyonyea maji ya ubongo. Maji yakikosa njia ya kutokea, msukumo wake huzidi, na kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, ubongo na mishipa yake hubanwa. Basi damu hupita kwa shida hata katika mishipa ambayo haijaguswa na kuvu.

MAMBO YALIYOTOKEA MAREKANI NA MEKSIKO

Ubaya wa kuvu ya nyuzi ulidhihirika katika Marekani mwaka 2012. Mwezi wa Septemba mwaka huo madaktari wa jimbo la Tennessee walitoa habari ya mgonjwa aliyekuwa na homa ya uti wa mgongo ya kuvu, naye alikuwa amechomwa sindano ya dawa ya steroidi mgongoni kwa ajili ya kutuliza maumivu. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa hiyo ilitoka katika kiwanda kimoja cha kuchanganya dawa kilichokuwa katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, nayo ilikuwa imeingiwa na kuvu. Watu wapatao 14,000 walikuwa wamekwisha kuchomwa dawa hiyo. Kwa hesabu iliyotolewa baadaye, watu 753 katika majimbo 20 walipatwa na ugonjwa, ama wa tando za ubongo, ama wa mgongo, ama wa viungo. Nao 64 kati yao walikufa.

Katika wagonjwa wa mwanzo walikuwamo waliopatwa na kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Maiti zilipochunguzwa, nyuzi za kuvu zilionekana ndani ya kuta za ateri zilizo chini ya ubongo. Kuvu ilikuwa imetiwa kiunoni, ikapanda pamoja na maji ya uti wa mgongo mpaka kichwani, na huko ikazishika ateri za shina la ubongo.

Msiba wa namna hiyo ulitokea tena katika Meksiko. Mwishoni mwa mwaka 2022, katika mji wa Durango, watu wapatao 80 walipatwa na homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na kuvu iitwayo fuzariamu, baada ya kutiwa dawa ya ganzi mgongoni. Wengi wao walikuwa wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kuzaa, na zaidi ya 30 walikufa. Mwaka 2023 mambo kama hayo yalionekana kwa watu waliokwenda kufanyiwa upasuaji katika mji wa Matamoros, mpakani mwa Meksiko na Marekani. Hapo pia madaktari walikuta ateri zilizovimba, zilizoziba, na zilizofanya vifuko na kupasuka.

Misiba hiyo ilifundisha kwamba mgonjwa aweza kuonekana ana maumivu madogo ya kichwa tu, huku ateri zake zikiendelea kuliwa. Kwa sababu hiyo watu waliokuwa wamechomwa dawa zile walitafutwa mmoja mmoja wapimwe, hata wale ambao hawakulalamika.

KUVU YA AFRIKA YA MASHARIKI

Katika Kenya, Uganda na Tanzania, kuvu inayoleta homa ya uti wa mgongo mara nyingi zaidi ni ile ya chembe, iitwayo kriptokokasi. Hukaa katika udongo, hasa udongo uliochanganyika na mavi ya njiwa, nayo huingia mapafuni kwa kuvutwa pamoja na vumbi. Haiambukizwi na mgonjwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo hapana sababu ya kumtenga mgonjwa wala kuogopa kumwuguza.

Mtu mwenye afya huishinda kuvu hiyo bila ya kujua kwamba ilimwingia. Lakini kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, hasa kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, kuvu hupita kutoka mapafuni ikaingia katika damu na kufika katika tando za ubongo. Maumivu ya kichwa huanza kidogo kidogo na kuzidi kwa muda wa wiki moja, mbili au zaidi. Wengi hununua vidonge vya kutuliza maumivu dukani, au hudhani ni malaria, na kwa kufanya hivyo hupoteza siku ambazo zingaliweza kuwaokoa.

KAZI YA KWANZA: KUIUA KUVU

Mishipa haiwezi kupona maadamu kuvu ingali hai. Kwa hiyo tiba ya kwanza ya mishipa ni dawa ya kuua kuvu, nayo yapasa ianzwe mapema iwezekanavyo. Mpaka katikati ya karne iliyopita, mgonjwa wa kriptokokasi ya ubongo alikuwa karibu kila mara wa kufa. Katika miaka ya 1950 iligunduliwa dawa iitwayo amfoterisini, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa nchi ya Venezuela. Dawa hiyo ina nguvu, lakini huweza kudhuru figo na kupunguza chumvi ya potasiamu mwilini. Ndiyo sababu damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara. Siku hizi ipo amfoterisini iliyofunikwa ndani ya matone madogo sana ya mafuta, ambayo haiudhuru mwili kama ile ya zamani.

Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika ya Kusini. Yalionyesha ya kuwa dozi moja kubwa ya dawa hiyo mpya, pamoja na vidonge vya flusaitosini na flukonazoli kwa siku 14, hufaa sawasawa na tiba ya awali ya sindano za kila siku kwa muda wa juma zima. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri tiba hiyo itumiwe. Baada ya siku 14 mgonjwa huendelea na flukonazoli kwa wiki nane, na kisha kwa kiasi kidogo zaidi, mpaka kinga ya mwili wake irudi.

Kuvu za nyuzi hutibiwa kwa vorikonazoli, na pengine amfoterisini pamoja nayo, kwa miezi mitatu au zaidi. Aachaye dawa kwa sababu kichwa kimepoa huipa kuvu nafasi ya kuota tena.

KAZI YA PILI: KUPUNGUZA MSUKUMO WA MAJI

Hapa ndipo watu wengi wanapowapoteza jamaa zao. Katika miji na vijiji vya Afrika ya Mashariki imeenea habari ya kwamba sindano ya kutoa maji mgongoni huua, au humpoozesha mtu. Habari hiyo imezaliwa na jambo lililoonekana kwa macho lakini halikuelewa vema. Wagonjwa wengi huletwa hospitali wakiwa karibu ya kufa. Hutolewa maji, kisha hufa. Watu husema sindano imemwua, kumbe ameuawa na ugonjwa uliochelewa kutibiwa.

Ukweli wa sindano hiyo ni huu. Ilianzishwa na daktari Heinrich Quincke wa Ujerumani mwaka 1891. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na sehemu ya juu ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, mahali palipo na maji na nyuzi za neva zinazoelea tu. Kwa hiyo sindano haiuchomi uti wenyewe. Kabla ya kuichoma daktari humpima mgonjwa, naye akiona dalili za uvimbe ndani ya kichwa huahirisha mpaka picha ipigwe. Baada ya sindano baadhi ya wagonjwa huumwa kichwa au kiuno kwa siku chache, na maumivu hayo huisha.

Sindano hiyo ina faida mbili. Kwanza, maji yakipimwa hujulikana kama ugonjwa ni wa kuvu au ni wa namna nyingine. Pili, kwa mgonjwa wa kriptokokasi sindano yenyewe ni dawa. Msukumo wa maji hupimwa kwa urefu wa maji yanavyopanda katika mrija. Ukizidi sentimita 25, daktari hutoa maji mpaka ushuke chini ya sentimita 20, au mpaka upungue kwa nusu ikiwa ulikuwa mkubwa sana. Mara nyingi mgonjwa hupata nafuu ya kichwa saa ile ile. Msukumo ukirudi, sindano hurudiwa, hata kila siku. Ukikataa kushuka, wapasuaji huweza kuweka mrija wa kuyatoa maji. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa Uganda na Afrika ya Kusini, na kutangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliotolewa maji tena katika siku za mwanzo walipona zaidi kuliko wasiotolewa. Basi anayemkataza mgonjwa sindano hiyo kwa kumhurumia humwondolea msaada mkubwa kuliko yote.

KAZI YA TATU: KUILINDA MISHIPA

Mgonjwa akionyesha dalili za kiharusi, au akiwa na kuvu ya nyuzi, hupigwa picha ya ubongo na ya ateri zake kwa mashine ya eksirei ya kompyuta au kwa mashine ya sumaku. Picha moja haitoshi sikuzote, kwa maana ateri iliyoonekana nzima leo yaweza kufanya kifuko baada ya wiki kadhaa. Kifuko kikionekana, wataalamu huamua kama kitazibwa kwa upasuaji, au kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya ateri, au kama kitaangaliwa kwa picha huku dawa ya kuvu ikiendelea.

Tena hapa pana mtego. Kiharusi cha kawaida cha damu kuganda huweza kutibiwa kwa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda. Lakini ateri iliyoliwa na kuvu ni dhaifu, na dawa hizo zaweza kuifanya imwage damu. Ndiyo sababu madaktari huzihofu katika ugonjwa huu, wala si vema jamaa wa mgonjwa kumpa aspirini au dawa nyingine kwa siri wakidhani wanamsaidia.

Vivyo hivyo kuhusu dawa za steroidi za kupunguza uvimbe. Majaribio yaliyofanywa katika Afrika na Asia, yaliyotangazwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa steroidi wakipewa wagonjwa wote wa kriptokokasi haziwapunguzii vifo, bali huwazidishia madhara na ulemavu. Majaribio hayo yalisimamishwa kabla ya wakati wake.

Jambo jingine ni dawa za virusi vya UKIMWI. Kinga ya mwili ikirudi kwa haraka huku kuvu ingali nyingi, huivamia kwa ukali na kuvimbisha ubongo. Katika majaribio ya mwaka 2014 yaliyofanywa Kampala, Mbarara na Cape Town, wagonjwa walioanzishwa dawa hizo upesi walikufa 45 katika kila 100. Waliongojezwa wiki tano hivi walikufa 30 katika kila 100. Kwa hiyo mgonjwa ambaye hajaanza dawa hizo hungojezwa wiki nne mpaka sita baada ya kuanza dawa za kuvu. Aliyekuwa akizitumia tayari asiziache kwa shauri lake mwenyewe, bali amweleze daktari.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Mtu mwenye kinga iliyopungua, au aliyechomwa sindano ya mgongo katika wiki au miezi ya karibuni, aende hospitali akiumwa kichwa kwa siku nyingi bila ya kupoa, hasa ikiwa ana homa, kutapika, shingo kukakamaa, kuona vitu viwili viwili, kuogopa mwangaza, au kusema maneno yasiyo na maana.

Zipo dalili nyingine zinazoonyesha kwamba mishipa ya damu imekwisha kuguswa. Nazo ni uso kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafula, ulimi kuwa mzito, kizunguzungu na kuyumba kama mlevi, kifafa, au maumivu makali ya kichwa yanayopiga mara moja kama radi. Mtu mwenye dalili hizo achukuliwe saa ile ile, hata kama ni usiku. Asilazimishwe kunywa wala kula, kwa kuwa huenda hawezi kumeza, na chakula kikaingia mapafuni.

KUZUIA NA KUUGUZA

Mtu mwenye virusi vya UKIMWI aweza kupimwa damu kabla kuvu haijafika kichwani. Shirika la Afya Duniani lashauri kipimo hicho kwa wenye hesabu ya chembe za kinga za CD4 iliyo chini ya 200, na hasa chini ya 100. Damu ikionyesha kuvu, mgonjwa huchunguzwa kama imekwisha kuingia ubongoni. Ikiwa haijaingia, hupewa flukonazoli ya kuizuia.

Aliyepatwa na kiharusi ahitaji subira ya jamaa zake. Ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Viungo vyake vinyoshwe kama atakavyoagiza mtaalamu wa mazoezi. Na atembeze mguu wake mdogo mdogo kadiri nguvu zinavyorudi. Mtu mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kuhesabu vidonge na kukumbuka siku za kurudi hospitali, kwa kuwa ugonjwa wa ubongo humfanya mtu asahau.

Kuvu hufanya kazi yake polepole na kwa siri. Hushindwa na watu wanaokwenda kupimwa mapema, wasiokataa sindano ya mgongo, na wanaomaliza dawa zao hata baada ya maumivu kupoa.